Usifukize Ubani, Tafuta Tundu

Mjukuu wangu, mwezi wa saba nilikuja kuitazama nyumba yako mpya hapa Nyantende, Kivu. Ulinipokea kwa heshima. Mkeo alinipa kiti karibu na dirisha, akaleta chai na ndizi za kuchoma, watoto wakaja kunipa mkono mmoja mmoja. Lakini kabla yenu nyote kuna kitu kilikuwa kimeshanipokea mlangoni: harufu ya yai viza, ikitoka upande wa bafu la wageni.

Uliona nimekunja uso. Ukaniambia, "Koko, ni nyumba mpya, itaisha yenyewe." Juu ya kabati nikaona chupa mbili za manukato ya kupuliza, na kando ya mlango wa bafu kisahani cha majivu ya ubani.

Siku ile nilinyamaza, maana mgeni hatangazi aibu ya nyumba mbele ya watoto. Leo sinyamazi. Ninakuandikia wewe, na vijana wenzako wote mnaopandisha kuta za matofali kwenye vilima hivi. Nimeshika mwiko na tiyo za maji tangu baba yako hajazaliwa, na mahali njia hii inapoishia nimefika kwa miguu yangu.

Haitaisha yenyewe, mtoto wangu. Itakayoisha ni pua yako. Pua ya mwenye nyumba ni mlinzi anayesinzia: siku ya kwanza anapiga kelele, siku ya tatu ananung'unika, wiki ya pili analala. Ndiyo maana mimi niliyetoka nje niliisikia pale mlangoni, na wewe unayelala hatua tano kutoka bafuni huisikii tena.

Sisi tulikua na choo cha nje, nyuma ya migomba. Kilinuka, ndiyo, lakini upepo uliichukua harufu ukaipeleka bondeni. Ninyi mmekileta choo ndani, ukuta mmoja na kitanda. Mmefanya vema. Mama na mtoto hawatoki tena usiku gizani, na katika nchi hii yetu hilo si jambo dogo. Lakini anayeingiza choo ndani ameingiza na shimo lake. Tiyo inayotoka kwenye lavabo, dushi na choo inakwenda moja kwa moja hadi fosi, lile shimo la maji machafu. Uchafu unashuka humo, na hewa yake inapanda humo humo.

Unajua ni nini kinachoizuia hewa hiyo isifike kitandani kwako? Maji. Maji ya kujaza kikombe, basi.

Inama chini ya lavabo yako uangalie. Utaona tiyo inashuka, inajikunja kama kiwiko, inapanda kidogo, ndipo inaingia ukutani. Mafundi wanaiita sifoni. Katika kona ile maji hubaki daima, kina cha vidole vitatu hivi, na maji hayo ndiyo mlango wako. Ukinawa, maji mapya yanayasukuma ya zamani na kuketi mahali pake. Hewa ya fosi inafika hapo chini, inagonga, haifunguliwi. Choo chenye kona hiyo kilipatiwa hataza London mwaka 1775 na fundi wa saa, Alexander Cumming. Fundi wa saa! Mtu aliyezoea vitu vidogo ndiye aliyeona kwamba ukiikunja tiyo, maji kidogo yanatosha kuwa ukuta. Mpaka leo villa za mtaa wa Muhumba kule ziwani na nyumba yako ya Nyantende zinalindwa na kona hiyohiyo.

Sasa lifikirie bafu lako la wageni. Wageni wa mwisho walilala kwako Pasaka. Robine haitoi maji kila siku, kwa hiyo mnachota kwa bidoni chemchemini, na kwa kubana maji mnatumia bafu moja tu, lile la ndani. Lile la wageni mmelifunga, vigae vinang'aa. Halafu ikaja miezi ya jua, Juni na Julai. Maji ya kwenye kona yakakauka polepole, wala hakuna aliyejua. Mlango ukabaki wazi. Bafu linalotumika kila siku hujilinda lenyewe, mjukuu wangu. Lile la kujivunia ndilo linalonuka.

Usidhani ni aibu mbele ya wageni tu. Mwaka 2003, ugonjwa wa SARS ulipoingia Hong Kong, watu zaidi ya 300 waliambukizwa katika majengo ya ghorofa yaitwayo Amoy Gardens. Wachunguzi walipotafuta njia ugonjwa ulimopita, walielekeza kidole kwenye matundu ya sakafu ya mabafu. Sifoni zake zilikuwa zimekauka, kwa sababu watu walipangusa sakafu kwa tambara badala ya kumwaga maji, na feni za bafuni zilikuwa zikiivuta hewa ya mabomba na kuiingiza ndani. Watu wa mji mkubwa, wenye umeme saa zote, walipungukiwa na kikombe cha maji.

Kwa hiyo ninakusihi, anzia hapo. Mimina jagi moja la maji kwenye kila tundu la nyumba: dushi, lavabo, choo, na lile tundu la sakafuni lenye kichujio ambalo kila mtu hulisahau. Fanya hivyo kila Jumamosi, hata kama hakuna mgeni. Ukisafiri muda mrefu, ongeza vijiko vichache vya mafuta mepesi juu ya maji, yatayafunika yasikauke upesi. Lakini yasiwe mawese. Kwa baridi yetu ya hapa mawese huganda, na utakuwa umefukuza harufu kwa kuziba tiyo.

Mara nyingi dawa ni hiyo, na haigharimu hata faranga moja. Ngoja siku mbili. Ikitulia, mshukuru Mungu.

Ikirudi, usikimbilie ubani. Tafuta.

Anza kwa masikio. Mwaga ndoo nzima chooni, kisha simama kimya uisikilize lavabo. Ikisema gulu-gulu-gulu kama mtoto anayenyonya chupa iliyokwisha, ujue tiyo inatafuta pumzi. Maji mengi yakishuka kwa kasi huvuta hewa nyuma yake. Yasipoipata juu ya paa, huivuta kupitia kona yako, na maji ya mlango huondoka nayo. Utamwaga jagi asubuhi, na ikifika jioni kona ni kavu tena, hata katikati ya masika.

Ndiyo sababu nyumba inahitaji tiyo ya kupumulia, ile inayopanda wima mpaka juu ya paa. Ninawaona mafundi wenu wanaiacha ili kupunguza dola chache, na ninyi mnafurahi kwa sababu haionekani. Nyumba isiyo na pua itapumua kupitia chumba chako. Kama ipo, panda uiangalie. Manyigu hupenda kujenga humo, na ndege pia. Toa kiota, funga wavu mdomoni. Na angalia isiishie chini ya dirisha la chumba cha kulala. Nimeikuta hivyo zaidi ya mara moja: tiyo nzuri, mpya, inapuliza harufu yote ya fosi usoni mwa watoto waliolala.

Kuna na jambo dogo ambalo vijana hawaliamini mpaka niwaonyeshe. Nywele. Dada zako wanasuka meshi, wanaoga, uzi mmoja mrefu unaingia kwenye sifoni, nusu iko majini, nusu imening'inia upande wa pili. Uzi ule unanyonya maji kama utambi wa taa unavyonyonya petroli, tone kwa tone, usiku kucha, mpaka kona inakauka. Nilishafungua sifoni ya nyumba moja mara tatu bila kuona kosa. Mara ya nne nikaingiza kidole nikavuta, ukatoka uzi mweusi urefu wa mkono wangu. Mama mwenye nyumba alikuwa ameshanunua choo kipya.

Jikoni ni habari nyingine. Pale harufu haifanani na yai viza, inafanana na chakula kilicholala. Hayo ni mafuta ya sambaza na mabaki ya sombe yaliyoganda kwenye kuta za tiyo. Fungua kichujio, kwangua kwa brashi, mwaga maji moto yenye sabuni, maliza. Usiipe fosi lawama kwa kosa la sufuria.

Lakini ikiwa kona zote zina maji, tiyo ya paa inapumua, jikoni ni safi, na bado nyumba inanuka, hapo ndipo uvumilivu unatakiwa. Funga madirisha yote usiku. Asubuhi, kabla ya mtu kupika au kuoga, toka nje kwanza, simama kwenye umande mpaka pua yako iamke. Kisha ingia chumba kwa chumba, polepole, pua karibu na sakafu, karibu na kitako cha choo, karibu na mahali tiyo inapoingia ukutani. Tundu unalolishuku, lizibe kwa mfuko wa plastiki na tambara bichi juu yake, uliache siku nzima. Ziba moja moja, siku kwa siku. Ukiziba yote kwa pamoja hutajua ni lipi lililokuwa mwizi.

Kitako cha choo kikitikisika unapokaa, umeshampata mwizi mmoja. Kifuniko kilichopasuka cha regari, kile kishimo cha kukagulia tiyo hapo uani, kinaweza kuwa wa pili, hasa kama upepo wa jioni unavuma kuelekea dirishani.

Mafundi wa zamani wa Uingereza walikuwa na mbinu nyingine, na nilipofundishwa niliipenda. Chukua mafuta ya mnanaa. Mtu mmoja apande juu ya paa, amimine kidogo kwenye tiyo ya kupumulia pamoja na maji moto, kisha azibe mdomo wake. Mwingine, ambaye mkono wake haujagusa chupa ile, awe ndani na milango imefungwa. Pale atakaposikia mnanaa ndipo tundu lilipo. Aliyemimina asiingie nyumbani mpaka kazi iishe, maana nguo zake zitanukia kila chumba na zitawadanganya wote.

Na ardhi yetu, mtoto wangu, usiisahau. Jumapili tarehe 3 Februari 2008, saa tatu na nusu asubuhi, ardhi ilitikisika hapa Kivu. Wewe ulikuwa mdogo. Ulilia, mama yako akakubeba nje na shuka. Kila mtu aliangalia kuta. Nani aliangalia chini ya sakafu? Miezi mingi baadaye niliitwa kwenye nyumba moja ya mtaa wa Kadutu. Harufu ilikuwa katika chumba cha watoto, ambacho hakina tundu lolote. Walikuwa wamepaka rangi mara mbili, wamebadilisha magodoro. Tulipovunja simenti tukakuta tiyo imekatika kama muhogo, na udongo chini ya kitanda cha mtoto mdogo ni mweusi, unateleza, unatoa povu. Maji ya choo yalikuwa yanaingia pale kila siku. Na chini ya mteremko ule kulikuwa na chemchemi ambayo majirani walichota.

Unajua nini huja kwa njia hiyo. Sisi wa Kivu hatuhitaji kufundishwa kipindupindu. Tuliona Goma, Julai 1994, wakimbizi wakifa kwa makumi ya maelfu, na tangu hapo ugonjwa huo hausahau njia ya kuja kwetu. Harufu ndani ya nyumba inaweza kuwa barua ya kwanza ya maji yanayovuja mahali yasipotakiwa. Fosi iwe mbali na chemchemi, mita 30 si nyingi, na isiwe juu yake kilimani. Ninakusihi, usiichane barua hiyo kwa kupuliza manukato.

Sasa nije kwenye yale yanayonikosesha usingizi.

La kwanza, usichanganye dawa. Kijana anasikia harufu, anamwaga javeli, ile dawa ya kung'arisha nguo. Haikwisha, anaongeza asidi ya kusafishia choo. Vitu hivyo viwili vikikutana vinatoa gesi inayochoma macho na mapafu, na bafu letu ni dogo, dirisha lake ni la kiganja. Moja kwa siku moja, na maji mengi katikati. Na usimwage javeli kila siku, kwa maana ndani ya fosi kuna vijidudu vinavyokula uchafu, ukiviua fosi itajaa na kunuka kuliko mwanzo.

La pili, umeme ukikatika, usipeleke buji, yaani mshumaa, kwenye regari wala kwenye fosi ili uone vizuri. Ninajua mnafanya hivyo. Humo kuna metani, gesi ileile ambayo jirani zetu Wanyarwanda wanaivuta kutoka ziwa letu hili la Kivu na kutengenezea umeme katika mtambo wa KivuWatt, pale Kibuye, uliozinduliwa mwaka 2016. Gesi inayowasha taa za mji itashindwa kuwasha nyusi zako? Tumia tochi, simama mbali, tochi iwake kabla hujafungua kifuniko.

La tatu ni hili, na ukisahau yote niliyoandika, hili usilisahau. Usiingie katika fosi. Usiingie kabisa. Usimtume mtu aingie, hata akikuomba kazi kwa njaa, hata akikuambia ameingia mara kumi.

Ile harufu ya yai viza ina gesi nyuma yake. Ikiwa kidogo, unaisikia na unaudhika. Ikiwa nyingi, inaua pua kwanza: ghafla huisikii tena, unadhani hewa imekuwa safi, na pumzi mbili tatu baadaye magoti yanakuacha. Ndugu zetu wa Goma wana neno mazuku, hewa nzito inayolala mabondeni na kuua mbuzi na mtoto aliyekaa chini, huku mtu mzima aliyesimama hajasikia kitu. Gesi ya mazuku ni nyingine, lakini tabia yake ni ileile. Inalala chini na kumngoja anayeinama.

Nilikuwa na miaka ishirini na kidogo. Tuliitwa vijana wanne na mzee mmoja kuzibua fosi mahali nisipopataja. Tulifungua kifuniko cha simenti, tukangoja kidogo, tukavuta sigara mbali, tukarudi. Mwenzetu mkubwa akashuka kwa ngazi na ndoo. Alishuka vipandio vitano. Kwenye cha sita aliinamisha kichwa kama mtu anayetafuta kitu alichoangusha, akaenda chini bila sauti. Hakupiga kelele. Hakuna aliyeelewa. Mdogo wake alivua shati, akalitupa, akaruka nyuma yake akiita jina lake. Akaliita mara moja tu.

Mimi nilikuwa tayari nimeweka mguu kwenye ngazi. Ninakuambia kweli, sikufikiri kitu. Damu ilinivuta, kama ingekuvuta wewe. Mzee yule alinishika mkanda wa suruali kwa nyuma, kwa mikono miwili, akaanguka chali pamoja nami kwenye tope. Nikampiga. Nikamtukana. Hakuniachia mpaka watu walipofika na kamba, na hata kwa kamba walichotoa hakikuwa tena watu wa kuamshwa.

Mama yao alizaa wavulana wawili tu.

Kwa hiyo fosi ikijaa, ita gari la kunyonya. Kama gari haliwezi kupanda barabara yenu wakati wa mvua, subiri kiangazi, au chimba nyingine. Harufu ya miezi mitatu haijamzika mtu bado. Na mtu akianguka humo mbele yako, Mungu apishe mbali, piga kelele, ita watu, tupa kamba, lakini miguu yako ibaki juu. Mshike yule atakayetaka kuruka. Mshike kwa mikono miwili, akupige.

Weka na kifuniko kizito juu ya fosi yako, simenti yenye nondo, si mabati na jiwe kama nilivyoona nyuma ya nyumba yako. Nilikuona umelifuata jicho langu pale, ukageuza mazungumzo. Mtoto wako wa tatu anaanza kutembea.

Leo jioni, kabla ya kulala, chukua jagi la maji uende kwenye bafu la wageni. Mimina lote katika lile tundu la sakafuni, taratibu, usikilize likijaa. Funga mlango. Yale majivu ya ubani yatupe nje. Jumapili baada ya misa nitakuja na chupa yangu ya mnanaa na mifuko miwili ya simenti. Nondo zitafute wewe, na madirisha yote uyaache yamefungwa mpaka nifike.